Mbwa mdogo, ini bovu: tupange gharama mapema

Wengi wanaoleta mbwa kwenye kliniki yetu hapa Nakuru huuliza bei kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu. Si aibu hata kidogo. Tuambie mwanzoni una kiasi gani, nasi tutapanga vipimo na dawa kulingana na hicho. Tunaumia zaidi kumwona mtu aliyenyamaza kwa kuogopa bili, akamleta mbwa akiwa hawezi tena kusimama.

Ini huficha ugonjwa wake. Sehemu kubwa inaweza kuharibika huku mbwa akiendelea kubweka na kukimbilia geti. Baadaye anaanza kukataa chakula, anatapika, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo linajaa maji. Wengine huduwaa baada ya kula au kusukuma kichwa ukutani. Mpeleke penye mwanga wa mchana, uinue mdomo wa juu na utazame fizi, kisha weupe wa macho. Ukiona manjano, usingoje mwisho wa mwezi.

Kwetu kipimo cha kwanza ni tone la damu chini ya darubini. Manjano huweza kuletwa na babesia, ugonjwa unaoenezwa na kupe na kuvunja chembe nyekundu za damu, na hapo tiba ni tofauti kabisa. Kipimo hicho ni cha bei nafuu. Kisha tunapima vimeng'enya vya ini, bilirubini (rangi ya manjano ndani ya damu) na albumini (protini inayotengenezwa na ini). Ultrasaundi tunaiomba pale tu jibu lake litakapobadilisha matibabu. Kwa mbwa mchanga wa aina ya Maltese au Yorkshire Terrier mara nyingi huyabadilisha, kwa sababu wengine huzaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini. Upasuaji wake ni ghali na huhitaji mtaalamu, lakini kuna wanaoishi vizuri kwa dawa na chakula maalumu.

Udogo wa mbwa wako unakusaidia. Dawa nyingi hupimwa kwa kilo: mwenye kilo 4 hutumia robo ya dozi ya mwenye kilo 16. Laktulosi, dawa ya maji ya kupunguza sumu ambayo ini limeshindwa kuiondoa, huuzwa pia katika maduka ya dawa za binadamu; tutakuandikia, ununue penye nafuu. Leptospira, ugonjwa wa bakteria unaoharibu ini na figo, hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa isiyo ghali, ila vaa glavu unaposafisha mkojo maana ugonjwa huo huambukiza watu. Usimpe parasetamoli wala ibuprofeni kwa kukisia.

Kuhusu unga wa chakula cha mbwa, tunaomba utusikilize kwa moyo. Mahindi yaliyooga mvua na kuota ukungu, yale yasiyofaa kuliwa na watu, ndiyo husagwa yakawa "ya mbwa". Sumukuvu iliyomo haiondoki kwa kupika ugali, nayo hushambulia ini moja kwa moja. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni na Kitui na jirani zake. Mbwa wa kilo 4 ataistahimili vipi? Mgonjwa mpe wali na yai au kuku asiye na mafuta, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Maini usimpe, yana madini mengi ya shaba. Protini usimkatie mpaka daktari aseme.

Malipo hugawanywa kwa M-Pesa, na makadirio unayapata kwa maandishi kabla hatujaanza. Popote utakapokwenda, uliza kama daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sindano ya bei rahisi ya mtu asiyejulikana imewagharimu wengi mara mbili.

Ukija, beba kadi ya chanjo, pakiti za dawa zozote alizokwisha kumeza, na unga kidogo wa chakula chake kwenye karatasi.