Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ligi ya Wanawake: Tupeni siku, tupeni uwanja

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam. Mimi ni shabiki tu. Sina cheo klabuni, sijawahi kucheza mpira wa kueleweka, na kadi yangu ya uanachama naikatia mwenyewe kila msimu. Barua mbili nilizopeleka ofisini kwako kwa utaratibu wa kawaida hazikujibiwa, ndiyo maana hii nimeileta hadharani. Usiichukulie kama ugomvi.

Msimu uliopita, Jumamosi moja, nilifika uwanjani saa 9 na nusu kwa mechi ya saa 10 jioni. Geti lilikuwa na kufuli. Nje tulikuwa watu kumi na kitu: wazee wawili ambao hawakosi, vijana wa ngoma, na mama mmoja aliyekuja na binti yake wa miaka tisa hivi. Binti alivaa jezi yetu. Mgongoni, juu ya namba 7, jina la winga wetu lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu jezi zenye majina ya wachezaji wetu haziuzwi popote. Aliyeliandika alikosea hesabu, herufi mbili za mwisho zikabanana karibu na mshono wa kwapa. Mlinzi akatoka, akatuambia mechi ilishachezwa jana yake, Ijumaa saa 8 mchana, tena kwenye uwanja mwingine. Tangazo lilitoka Alhamisi usiku.

Yule mama hakugomba. Alimshika binti mkono wakaondoka, na binti akageuka mara mbili kuliangalia geti. Toka siku hiyo kila nikiingia uwanjani nawatafuta kwa macho. Sijawaona tena.

Mheshimiwa, kila msimu unapoanza nawasikia viongozi wa soka wakiuliza mashabiki wa timu za wanawake wako wapi. Kisha linakuja tamasha, linakuja bango, anakuja msanii wa kutumbuiza wakati wa mapumziko. Naona swali lenyewe limekaa upande. Watu huwa wanakuja. Kazi ni kuwafanya warudi wiki ya pili, na ya tatu, hadi siku wakikosa mechi wajisikie wamesahau kitu nyumbani. Mtu hafiki huko kwa bango. Anafika huko akijua, bila kumuuliza mtu, kwamba timu yake inacheza siku fulani, saa fulani, mahali fulani.

Na kama kuna anayedhani watu hawajawahi kulipenda soka la wanawake, basi arudi nyuma miaka mia moja. Tarehe 26 Desemba 1920, uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, Dick, Kerr Ladies walicheza na St Helens mbele ya watu takribani 53,000, na maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Hao Dick, Kerr ilikuwa timu ya wafanyakazi wa kiwandani kutoka Preston. Televisheni haikuwepo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, chama cha soka cha England kikaamua kuwa mchezo huu hauwafai wanawake na kikaziambia klabu wanachama zisiwape viwanja. Zuio hilo lilidumu takribani miaka 50. Brazil nao waliwazuia wanawake kwa sheria kuanzia 1941 hadi 1979, na Ujerumani Magharibi chama chao kikafanya vivyo hivyo kuanzia 1955 hadi 1970.

Angalia lakini walichozuia Waingereza. Hawakumkataza mtu kuwapenda wale wachezaji. Waliwanyang'anya mahali pa kuwaona. Dick, Kerr wenyewe waliendelea kucheza miaka mingi baada ya hapo, ila umati ule ulitawanyika na haukukusanyika tena. Leo hakuna anayetuzuia kwa azimio la kikao. Tunahamishwa tu, Alhamisi usiku.

Wako watakaokwambia dawa ni mechi moja kubwa ya kihistoria. Mechi kubwa naipenda, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ila fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ya 1999 pale Rose Bowl, California, iliingiza watu 90,185. Juu ya moto huo Wamarekani wakaanzisha ligi ya kulipwa, WUSA, mwaka 2001, ikiwa na nyota wa dunia nzima. Pesa zilizopangwa kutosha miaka mitano ziliteketea mwaka wa kwanza, na Septemba 2003, siku chache kabla ya Kombe la Dunia jingine, ligi ikafungwa. Ya pili, WPS, ilicheza misimu mitatu tu, 2009 hadi 2011. Ya tatu, NWSL, ilianza 2013 kwa kubana matumizi, na ndiyo iliyosimama mpaka leo.

Katika ligi hiyo ya tatu, klabu ya mji wa Portland ilianza na wastani wa watu zaidi ya 13,000 kwa mechi katika msimu wao wa kwanza kabisa. Muujiza haukuwepo. Timu ya wanawake ilipewa uwanja uleule wa timu ya wanaume, katikati ya mji, ambao watu walishazoea njia ya kuuendea. Na kikundi cha ushangiliaji, Rose City Riveters, kiliundwa kabla timu haijagusa mpira. Wenye ngoma walikuwa na mahali pao jukwaani kabla ya kuwa na mshambuliaji wa kumwimba.

Najua utanitajia timu ya wanawake ya Barcelona. Sawa. Machi 2022, Camp Nou, uwanja mkubwa wa klabu, dhidi ya Real Madrid: watu 91,553. Mwezi uliofuata, dhidi ya Wolfsburg ya Ujerumani: 91,648. Nilitazama ile ya pili na nakiri machozi yalinilenga. Lakini wiki za kawaida wale wachezaji wanacheza Estadi Johan Cruyff, uwanja wa watu 6,000 hivi. Hapo ndipo ushabiki wenyewe ulipopikwa, kwenye mechi ya Februari ambayo hakuna mgeni rasmi. Camp Nou ilikuwa siku ya kuitana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa wanawake wa Arsenal, kwa sababu ni mfano wa subira. Kwa miaka walicheza Borehamwood, nje ya London, kwenye kiuwanja cha watu wasiofika 5,000. Klabu ikaanza kuwapeleka Emirates, uwanja mkubwa wa timu ya wanaume, mechi moja moja, kisha kadhaa kwa msimu, na mechi hizo zikitangazwa mapema ili mtu apange mambo yake. Mei 2023, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya dhidi ya Wolfsburg, uwanja ukajaa, 60,063. Februari 2024 ukajaa tena kwa mechi ya ligi na Manchester United, 60,160. Msimu wa 2024/25 Emirates ikawa ndiyo nyumbani kwao hasa. Hawakuruka. Walipanda ngazi, na kila ngazi waliikanyaga mara nyingi kabla ya kwenda ya juu yake.

Ukubwa wa uwanja nao si wa kuupuuza. Watu elfu tatu kwenye uwanja wa elfu sitini ni msiba, hata wanaoimba wanaona aibu. Elfu haohao kwenye uwanja wa elfu nne ni vurugu tupu ya raha. Kansas City Current, klabu ya wanawake ya Marekani, walilijua hilo. Machi 2024 walifungua uwanja wao wenyewe, uliojengwa mahsusi kwa ajili ya timu ya wanawake, viti 11,500. Wangeweza kuota viti elfu thelathini. Walihesabu watu wao kwanza.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Sipendi timu za wanawake kufanywa mechi ya utangulizi kabla ya wanaume. Ndiyo, kamera inaonyesha jukwaa lina watu. Watu hao wanaingia dakika ya 70, mgongo kwa uwanja, wanatafuta namba za viti vyao. Mchezaji anafunga bao la mwaka huku jukwaa zima linapitishana simu na mabegi. Mara moja moja si neno. Ikiwa ndiyo desturi, inamfundisha mtazamaji kwamba hiki ni cha kupasha viti moto.

Na kiingilio kiwepo. Kiwe kidogo, watoto waingie bure, lakini kiwepo. Aliyelipa hata kidogo anaona kiti ni chake na anauliza mechi ijayo ni lini. Tena klabu inamjua: ina jina lake, ina namba yake, inaweza kumwambia mechi imehamishwa kabla hajafunga safari. Anayeingia bure huondoka kama alivyoingia, hakuna anayejua kama alikuja. Tiketi ya msimu ndiyo ingekuwa bora kuliko yote. Ila klabu itauzaje tiketi ya msimu wakati msimu wenyewe haujulikani siku zake? Meneja wetu aliniambia hivyo huku akicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Kuna mali nyingine tunayo na tunaichezea. Baada ya mechi yetu ya mwisho ya nyumbani, kipa alizunguka uwanja mzima kandokando ya uzio. Alikuwa bado na glavu. Mtoto akampa kalamu, akashindwa kuishika, akavua glavu ya kulia kwa meno, akasaini, kisha akaivaa tena na kugongeana viganja na yule mtoto. Ilimchukua dakika arobaini kumaliza mzunguko. Mtoto yule hatahitaji bango. Ila mkataba wa kipa ni wa msimu mmoja, kama wa wenzake karibu wote. Winga namba 7 alishaondoka. Mashabiki wanashika majina kwanza, klabu baadaye, nasi kila mwaka tunaanza kujifunza majina upya. Bodi ikiweka kanuni ya mikataba ya angalau misimu miwili kwa sehemu ya kikosi, jezi ya yule binti ingekuwa bado na maana.

Televisheni siikatai, pesa zake tunazihitaji. Lakini tuwe macho. England, msimu wa 2025/26, mechi nyingi za ligi ya wanawake zilipangwa Jumapili saa 6 mchana kwa ajili ya televisheni. Kuwa na saa moja inayojulikana ni jambo jema, nami ndilo ninaloliomba. Mashabiki wa kule hata hivyo walilalamika, hasa wanaosafiri na timu, kwamba saa hiyo iliwafaa walio kwenye kochi kuliko walio njiani. Kabla hamjatia saini ya namna hiyo, waulizeni wanaokaa jukwaani. Hatuko wengi kiasi cha kushindwa kuulizwa.

Ninachoomba ni kidogo. Ratiba ya msimu mzima itoke wiki sita kabla ya mechi ya kwanza, ikiwa na siku na saa. Kila klabu isajili uwanja mmoja wa nyumbani, na ikiuhama bila dharura ya kweli ilipe faini. Mechi isihamishwe chini ya siku kumi na nne kabla, isipokuwa kwa mvua iliyojaza uwanja au msiba. Na ikihamishwa, aliyelipa arudishiwe chake bila kuombaomba. Hayo hayahitaji mdhamini. Yanahitaji mtu mwenye kalenda na mamlaka ya kusema hapana, na mamlaka hayo unayo wewe.

Leo asubuhi nimeifungua ratiba. Mechi yetu ijayo ya nyumbani imeandikwa "itatangazwa". Vijana wa ngoma wananiuliza wakodi gari la siku gani, maana mwenye gari anataka malipo ya awali kufikia Jumatano. Nimewaambia nitawapa jibu Jumanne jioni. Mheshimiwa, niwaambie siku gani?

Wako,
Shabiki wa jukwaa la mashariki