Kapasita si dawa ya kila pawafakta mbovu

Mhariri,

Mwandishi wenu aliyemshauri kila mwenye pawafakta mbovu (kipimo cha sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi; bora ni 1) afunge kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji kwa muda, amesema nusu ya ukweli. Mimi ni fundi umeme, na nusu aliyoiacha imewahi kunitoa jasho.

Niliitwa kwenye jengo lililojaa kompyuta. Ndani ya boksi kuu, waya wa nyutro, unaorudisha mkondo, ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake inabanduka kwa kucha, ilhali fezi zote tatu, nyaya zinazoleta umeme, ni nzima. Kila fezi ilisoma ampea 38. Fezi zikilingana hivyo, tumefundishwa nyutro iwe karibu na sifuri. Ilisoma 61! (Mita yangu ya kwanza, ya bei nafuu, ilinionyesha pungufu; mita za aina hiyo hudhani kila wimbi ni laini.)

Fundi aliyenitangulia aliona pawafakta ya 0.65, akafunga kapasita kama tunavyofanya kwenye mota. Nilizikuta nyingi zimevimba.

Mota huchelewesha mkondo nyuma ya volti, lakini wimbi hubaki laini, na kapasita hurekebisha ule ucheleweshaji. Konveta ya kompyuta, sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa DC (umeme wa upande mmoja), ina ugonjwa mwingine. Diodi zake nne, zinazopitisha mkondo upande mmoja tu, hujaza kapasita ya ndani pale tu volti inapofika kileleni, kwa hiyo mkondo hauvutwi, unadonolewa. Midonoo hiyo huzaa hamoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye masafa mara mbili, mara tatu au zaidi ya yale ya umeme wenyewe. Ile ya tatu, hezi 150 kwenye umeme wa hezi 50, haifutani kati ya fezi. Inajumlishana yote kwenye nyutro. Na kapasita za nje ndizo njia rahisi ya hamoniki, maana masafa yakipanda nazo hupitisha mkondo zaidi. Zikiitikiana na transfoma kwenye masafa ya hamoniki, mkondo huongezeka mno, ndipo hupasuka.

Tiba inakaa ndani ya konveta yenyewe: baada ya diodi zile huwekwa koili, transista na diodi moja zaidi, kupandisha volti hadi karibu 400 za DC. Transista, ambayo hapa ni swichi, hufunga na kufungua njia ya mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, na saketi inayoiongoza huulazimisha mkondo ufuate umbo la volti. Pawafakta hufika 0.99. Koili nzito ya chuma peke yake, bila transista, haiharibiki ovyo, ila sijaiona ikivuka 0.75 kwa kazi hii.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-2 huzibana hamoniki za kompyuta na televisheni zinazokula zaidi ya wati 75. Vidogo vya chini ya hapo huachiwa, hata vikiwa mia kwenye jengo moja.

Pale tulibadilisha nyutro kwa waya mnene, tukang'oa kapasita, na mwenye jengo akaanza kununua kompyuta zenye marekebisho hayo ndani. Aliniuliza afanye nini na kapasita mbili ambazo hazikuvimba. Nilimwambia azipeleke kwenye pampu ya maji. Ile ina mota.

Fundi umeme, msomaji wenu