Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: tuhesabiwe kwanza, ndipo tujengewe daraja

Bwana Meya,

Pokea salamu za heshima kutoka ng'ambo ya mto. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na ombi langu linaanza na hesabu: utume watu wakahesabu wanaovuka mto Lubumbashi kwa miguu kwenye kivuko cha mbao cha mtaa wetu, kisha jiji litujengee pale daraja la waenda kwa miguu, lisilopitwa na gari wala pikipiki. Jina la kivuko sikulitaja kwa makusudi. Barua hii itasomwa na wengi, na vijana wanaokitunza hawakunituma niwaanike. Ukimtuma mtu wa ofisi yako, nitamfikisha mwenyewe.

Kivuko cha namna hiyo unakijua, hata kama hiki chetu hujakikanyaga. Nguzo za mikaratusi zimechimbiwa kwenye tope, mbao zimepangwa juu yake, na pembeni kuna waya mmoja wa kushikia. Asubuhi akina mama wanapita na mabeseni ya mboga kwenda sokoni, wanafunzi na sare zao nyeupe na buluu, wauza makala, yaani makaa ya kupikia, wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia mapana kuliko njia yenyewe. Wanaotoka mjini wanasimama, wanaokwenda mjini wanapita, halafu wanapishana zamu. Kuna adabu pale ambayo kwenye balabala zetu za lami sijaiona. Vijana wanatoza faranga kidogo kwa kila anayevuka, na wenye hasira huwaita wahuni. Mimi siwaiti hivyo. Mvua kubwa ikishapita, ndio wanaoingia majini kuzifuata mbao zilizochukuliwa, na jioni watu wanavuka tena.

Lakini kuna wiki ambazo hata wao wanashindwa. Mto ambao mwezi wa nane mtoto anauvuka maji yakiwa magotini, mwezi wa kwanza unakuja mwekundu, umebeba matawi na chupa za plastiki, na mbao hazionekani. Siku hizo darasa langu lina viti vitupu, na bila kuita majina najua ni vya akina nani. Wenye nguvu wanazunguka mpaka daraja la magari. Pale nako hakuna njia ya mguu: unatembea umejibana kwenye ukingo, lori la mizigo linakupita kwa kipimo cha kiwiko, na manseba, wale madereva wa pikipiki za abiria, wanakupigia honi nyuma kana kwamba wewe ndiye uliyewaingilia.

Sasa nikupeleke London kidogo, Bwana Meya. Mdogo wangu anaishi huko, na nilipokwenda kumtembelea nilimwomba anionyeshe daraja ambalo kwa miaka nimelitolea mfano darasani bila kuliona: Millennium Bridge, juu ya mto Thames. Alicheka, maana wageni wake wengine huomba kuonyeshwa nyumba ya mfalme. Ni daraja la miguu peke yake. Kaskazini linaanzia karibu na kanisa kuu la St Paul's, kusini linaishia mbele ya jumba la sanaa la Tate Modern. Urefu wake ni mita 325 hivi, upana mita 4. Nyaya zinazolibeba hazikuinuliwa kwenye minara mirefu. Zimelazwa chini, kando ya njia, ili anayetembea aone mto na mji badala ya kuona vyuma. Sakafu ni ya alumini. Kwa watu wasioweza ngazi, upande wa kusini kuna njia ya mteremko. Mwenye baiskeli anashuka na kuisukuma. Hakuna anayesimama mlangoni kukusanya hela. (Kuna jambo moja lililonichekesha: wapitao wanatema chingamu, na msanii mmoja amezipaka rangi zile zilizoganda sakafuni, picha ndogo ndogo ambazo huzioni mpaka uiname. Wenye mji wao pia wanachafua.)

Sikuandikii ili tuwaonee wivu. Daraja lile liligharimu zaidi ya pauni milioni 18, na mto wetu hauhitaji mita 325. Nakuandikia kwa sababu ya kosa lao, ambalo ni mali kwetu kama tutalitumia.

Lilifunguliwa kwa umma tarehe 10 Juni 2000. Watu walifurika, na lilianza kuyumba kushoto na kulia hata wengine wakashika vyuma vya pembeni. Wahandisi wake hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wa kampuni ya Arup, watu wa sifa duniani. Uzito wa watu waliuhesabu vizuri. Kilichowaponyoka ni mwendo. Mtu akitembea hupiga hatua karibu mbili kwa sekunde. Mguu wa kulia unasukuma kidogo upande mmoja, wa kushoto upande wa pili, kwa hiyo msukumo wa pembeni unarudi mara moja hivi kwa kila sekunde. Peke yako hausumbui chochote. Ila daraja likiwa na tabia ya kuyumba kwa kipimo hicho hicho, na watu wakawa wengi, mambo yanageuka: sakafu inacheza kidogo, kila mtu anapanua miguu ili asianguke, na bila kuambiwa na mtu anaanza kukanyaga kwa kufuata mchezo wa sakafu. Sasa wote wanasukuma pamoja. Kadiri linavyoyumba ndivyo wanavyolingana, na kadiri wanavyolingana ndivyo linavyoyumba. Ni kama wanaotwanga kinu kimoja: hakuna anayehesabu kwa sauti, lakini michi haigongani.

Tarehe 12 Juni, baada ya siku mbili tu, walilifunga. Fikiria aibu hiyo: malkia alikuwa amelizindua mwezi mmoja kabla, magazeti yote yanacheka, na mwenye mamlaka anasema hakuna kuvuka. Kisha wakafanya nilichokipenda zaidi katika habari nzima. Waliwarudisha watu darajani kwa makundi, wakawatembeza, wakapima. Wakaona kwamba linatulia mpaka idadi fulani ya watu, kisha ukiongeza wachache tu linaanza ghafla. Waliweka vifaa vya kumeza mtikisiko, 37 vya aina ya bomba lenye majimaji mazito ndani pamoja na vingine vya uzito, kwa gharama ya pauni milioni 5 hivi, wakajaribu tena na watu wapatao 2,000, na Februari 2002 wakalifungua. Nilipolivuka lilikuwa limejaa, na sikusikia kitu chini ya viatu.

Ndiyo maana nasema tuhesabiwe kwanza. Na si vichwa peke yake. Mtu mwenye beseni kichwani hatembei kama mwenye mkoba. Baiskeli ya makala ina upana wake. Wanafunzi wakitoka masomo wanakuja kwa mkupuo, na hao wa kwangu nawajua, wakisikia daraja linacheza wataruka makusudi. Mchoro ulionunuliwa mahali pengine hautajua hayo. Daraja la watu mia kwa siku na daraja la watu mia kwa dakika kumi ni madaraja mawili tofauti, hata kama urefu ni mmoja.

Hatuhitaji jipya la kushangaza dunia. Nepal, nchi ya milima na mito mikali, ina maelfu ya madaraja ya waya ya waenda kwa miguu, na mengi yamejengwa na wanakijiji wakishirikiana na mafundi wa serikali. Waya zinafungwa kwenye zege nzito kila upande, sakafu inapita juu, katikati ya mto hakuna nguzo. Hilo la nguzo nalitilia mkazo, kwa sababu kivuko chetu kinakufa kila mwaka kwa jambo hilo hilo: matawi na plastiki vinanasa kwenye nguzo, maji yanazuiliwa, yanachimba udongo chini, na asubuhi kila kitu kimeinama. Zege ya kufungia iwe mbali na ukingo, maana kingo zetu zinaliwa, na sakafu iwe juu ya alama ya mafuriko ambayo wazee wa mtaa wanaikumbuka. Waulizwe, wengine wataonyesha kwenye ukuta wa nyumba. Kila mwisho pawekwe vyuma viwili vilivyokaribiana, mtu na baiskeli wapite, kiti cha magurudumu kipite, manseba abaki na pikipiki yake nje. Wapimaji wapo katika jiji hili: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uhandisi, na OVD, ofisi ya serikali ya barabara za mjini na mifereji, ina watu wanaojua maji ya mvua yanavyokwenda. Mafundi wa kuunganisha vyuma tunao kila mtaa. Jiji lililokula shaba tangu 1911 halitakosa watu wa kufunga waya.

Kuhusu fedha nitasema machache, maana wewe unajua kuliko mimi. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mamlaka za mahali uchimbaji unapofanyika, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Sijui sehemu gani itafaa kwa kazi hii, lakini gharama ya daraja la miguu haiko kiwango kimoja na ya barabara ya lami. Na nikisikia mtu anasema kwamba kuna mambo makubwa zaidi, umeme, maji, barabara, nitamjibu kwamba nakubali yote, na kwamba mtoto wa ng'ambo anayasubiri hayo yote akiwa upande mbaya wa mto.

Kuna kitu kingine cha London kilichonifanya nisimame. Jumba lile la Tate Modern lilikuwa kiwanda cha kutengeneza umeme. Bomba lake la moshi bado liko, refu, la matofali, limesimama mbele yako ukivuka. Zamani watu hawakuwa na sababu ya kwenda pale. Walipokifungua kama jumba la sanaa, mwaka ule ule wa 2000, wakakiwekea njia ya miguu, na sasa familia zinakwenda Jumapili. Nilipoliona bomba lile niliwaza letu la kiwanda cha shaba, na kilima cheusi cha mabaki ya shaba pembeni yake, na mto unaopita chini hapo kuelekea Kafubu na Luapula. Jiji limejipa jina la mto huu tangu 1966, lakini limeupa mgongo. Tunautupia takataka kwa sababu hakuna anayepita kuuangalia. Sidai kwamba daraja litausafisha. Nasema tu kwamba watu wakipita juu ya maji kila siku bila kuogopa kuanguka, watapata nafasi ya kuyatazama, na huenda wakakusumbua kwa barua nyingine.

Naomba pia jambo ambalo halijengwi kwa zege. Vijana wa kivuko waajiriwe kuwa walinzi wa daraja jipya. Wanajua mto unavyopanda, wanajua saa za msongamano, na tukiwafukuza bila kazi usishangae vyuma vikaanza kupotea usiku. Wapewe mshahara mdogo, kitabu cha kuandika kila ubao uliolegea, na ruhusa ya kufunga njia bila kungoja simu ya mkubwa. Hiyo ruhusa ndiyo nasisitiza. Kama London ilifunga daraja jipya kabisa siku ya tatu, basi Lubumbashi inaweza kumruhusu kijana mmoja aweke mnyororo saa tisa usiku mto ukipanda.

Tunakuomba siku mbili za kuhesabu, moja sasa kabla ya mvua, nyingine mwezi wa kwanza maji yakiwa juu, kwa sababu tofauti ya hizo mbili ndiyo itakayoonyesha ni wangapi wanaobaki ng'ambo. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri, maana akina mama wa soko hawangoji jua. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wako tayari kukaa pande zote mbili na madaftari, chini ya usimamizi wa watu wako. Nimeshawachorea safu: mwelekeo, saa, mzigo, umri kwa kukisia. Kinachokosekana ni karatasi yenye muhuri wako, ili wasifukuzwe.

Kwa heshima,

Mwalimu wa ng'ambo ya mto

Nakala: Waziri wa Jimbo la Haut-Katanga mwenye dhamana ya kazi za umma