Risala ya wananchi wa kijiji kwa Mgeni Rasmi, uzinduzi wa vyoo vya gulio, 1 Julai

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya;
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu;
Ndugu wakuu wa idara mlioongozana na Mgeni Rasmi;
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, viongozi wa dini, wananchi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu ukiwa na miezi michache tu tangu uripoti. Wewe ni Mkurugenzi wa nne kukanyaga uwanja huu wa gulio, na wa kwanza kufika kabla ya saa nane mchana. Tumeliona hilo na tumelipokea kama dalili njema.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia tutaipitia haraka kwa kuwa jua ni kali na wewe ni mtu wa ratiba. Wazee wetu wanakumbuka serikali za mitaa zilipofutwa mwaka 1972, wanakumbuka sheria za mwaka 1982 zilizozirudisha, na Katiba yetu, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali hizo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kijiji chetu kina vitongoji 5 na kaya 612. Tunalima alizeti, mtama na dengu, na tunafuga.

Katika kipindi hiki tumepata mafanikio makubwa. La kwanza ndilo tulilokuitia: choo cha kisasa cha gulio chenye matundu 4, mawili ya wanaume na mawili ya wanawake, kilichojengwa kwa nguvu za wananchi kwa asilimia mia moja. Kabla ya hapo watu zaidi ya elfu moja waliokuwa wakifika hapa kila siku ya gulio walitegemea kichaka cha nyuma ya mnazi wa Mzee Mwenyekiti, na Mwenyekiti mwenyewe ni shahidi kwamba mnazi ulistawi kuliko kawaida. La pili, tumechonga madawati 11. La tatu, mikutano mikuu ya kijiji inafanyika kila baada ya miezi mitatu kama sheria inavyotaka, na mapato na matumizi yanasomwa, ingawa mara mbili akidi haikutimia. La nne, ushuru wa gulio unakusanywa kwa mashine ya POS bila usumbufu. Mashine hiyo haijawahi kukosa mtandao hata siku moja, jambo ambalo hatuwezi kulisema kuhusu huduma nyingine yoyote hapa kijijini.

Baada ya kusema hayo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba tukueleze jambo moja tu. Kamati iliandaa orodha ya mambo tisa. Tumeyafuta manane. Tuligundua kwamba kila tukiomba tisa, mgeni anachagua kujibu lile jepesi, na ndiyo maana kijiji hiki kina mipira 6 ya miguu na hakina zahanati.

Jambo lenyewe ni boma, yaani jengo la zahanati lisilo na paa. Lipo pale nyuma ya mkuyu, unaliona kutoka ulipoketi. Mwaka 2016 mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha mchango wa Sh 15,000 kwa kila kaya pamoja na tofali 40 za kuchoma, mawe na mchanga juu yetu. Sera ilikuwa wazi tangu mwaka 2007: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Na utaratibu tuliambiwa hadharani: wananchi wapandishe boma hadi lenta, serikali ipaue na kumalizia. Sisi hatukubishana. Akina mama walisomba maji kwa ndoo kutoka korongoni, wajane walioshindwa fedha walipika uji wa mafundi. Mwaka 2018 tukafika kwenye lenta. Mhandisi akaja, akapima, akasifu kuta, akasema zimenyooka kuliko za mkandarasi.

Tangu siku hiyo boma halijaongezewa tofali hata moja.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba tulisahauliwa. Tungesahauliwa tungejua. Sisi tumekumbukwa mara nyingi. Kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji kipo hapa mezani, na kamati imeweka vipande vya karatasi kwenye kurasa zinazohusika ili usihangaike kupekua. Ukurasa wa kwanza wenye karatasi, mgeni aliahidi bati 100 "kabla ya mvua". Hakutaja mvua ya mwaka gani, nasi hatukuuliza, huo ni uzembe wetu. Ukurasa wa pili ni wa mgeni aliyeweka jiwe la msingi. Ukurasa wa tatu ni wa mgeni mwingine, naye aliweka jiwe la msingi, kwa hiyo boma letu lina mawe mawili ya msingi na halina paa. Ukurasa wa nne umeandikwa: "Nimefurahi, kazi nzuri, endeleeni."

Kisha tukaingia kwenye bajeti. Katika mwaka wa fedha 2022/23 tuliambiwa na Mheshimiwa Diwani, naye aliambiwa kwenye kikao, kwamba kijiji chetu kimetengewa Sh milioni 50 za kumalizia boma, kiwango kilekile ambacho vijiji vingine nchini vilipewa. Wananchi walishangilia. Fundi mmoja alianza kuchonga kenchi kwa mkopo. Ilipofika Mei tukaambiwa fedha zimeelekezwa kwenye dharura. Mwaka uliofuata tukaambiwa "ipo kwenye mpango". Mwaka uliofuata tukaambiwa tuibue upya mradi kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, maana mfumo haukuuona. Tuliibua. Mradi wenye kuta sita za mita tatu tuliuibua kama vile ni wazo lililotujia jana usiku.

(Aya inayofuata, Mtendaji wetu wa Kijiji alishauri tuiondoe. Tumekubaliana kuilainisha, na hii ndiyo iliyolainishwa.)

Tunajua utaratibu, Ndugu Mgeni Rasmi, usidhani hatuujui. Tunajua maombi yanapanda kutoka kijiji hadi kata, yanaingia kwenye timu ya menejimenti, yanapita Baraza la Madiwani, mkoa, TAMISEMI, mpaka Bungeni. Tunajua pia jana, tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha umefungwa, na leo, tarehe 1 Julai, ambayo ni Siku ya Serikali za Mitaa, mpya umefunguliwa. Ndiyo sababu hatukukuita wiki iliyopita. Leo hakuna dharura bado.

Na tunajua inawezekana. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, sekondari yetu ya kata ilipata madarasa 2, kila moja Sh milioni 20. Fedha ziliingia, kamati ikaundwa, saruji ikashuka usiku, Mkuu wa Shule akawa hapati usingizi, na kabla ya Krismasi bati lilikuwa linang'aa. Hao waliosimamia ni watumishi wa Halmashauri hiihii, na mafundi ni hawahawa wa hapa kijijini. Tangu siku ile hakuna mtu wa kutuambia kwamba kupaua ni jambo la miaka minane akatushawishi.

Tukiuliza habari ya barabara, tunaelekezwa TARURA, ni haki, ndiyo sheria tangu mwaka 2017. Tukiuliza maji, tunaelekezwa RUWASA, nayo ni haki, tangu mwaka 2019. Zahanati, Ndugu Mgeni Rasmi, haina pa kuelekezwa. Ni ya Halmashauri. Ni yako.

Mtoto aliyesoma ngonjera muda mfupi uliopita, yule mwembamba aliyesahau ubeti wa tatu akacheka, yuko darasa la pili. Mama yake alipata uchungu saa saba usiku mwaka 2017, boma likiwa limefika usawa wa madirisha. Zahanati ya karibu iko kilomita 19. Bodaboda ilizama kwenye mchanga wa korongo, dereva akashika tochi ya simu mdomoni, na bibi mmoja aliyekuwa amepakiwa nyuma akafanya kazi ambayo hakuisomea. Kitovu kilikatwa kwa wembe uliotoka kwenye pochi ya dereva, mpya, bado ukiwa kwenye karatasi yake. Mama na mtoto walipona. Si wote waliopita njia ile usiku walipona, na wengine ndugu zao wameketi hapa mbele yako, kwa hiyo hatutaendelea.

Kaya nyingi hapa zimelipia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita. Nauli ya bodaboda kwenda kuitumia kadi hiyo na kurudi ni Sh 16,000, na usiku dereva anataja bei akiwa bado kitandani.

Ombi letu, basi. Mhandisi wa wilaya alishatupa makadirio ya kupaua: mbao za kenchi, bati za geji 28, misumari, dari na fundi. Nakala tumeiambatanisha, ina mhuri. Sisi wananchi tuko tayari kutoa tena nguvu kazi, maji na kokoto, na mapato ya choo hiki tunachozindua, Sh 200 kwa mtu, mkutano mkuu umeamua yote yaende kwenye milango na madirisha. Yale marejesho ya asilimia 20 ambayo vijiji huambiwa vinastahili, hatutayazungumzia leo. Ukiona inafaa kuyageuza kuwa bati, hatutakataa. Tunachoomba kwako ni paa, na baada ya paa, tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Tumeshatenga vyumba viwili kwa watumishi kwenye nyumba ya mwalimu aliyehama.

Tunaomba pia, kwa heshima zote, kwamba leo utakapotia saini kitabu cha wageni usiandike umefurahi. Tunaamini umefurahi. Tunaomba uandike kasma, yaani fungu la bajeti, kiasi na mwezi. Ikiwa haiwezekani, tunaomba uandike kwamba haiwezekani, tufunge kitabu na tuanze kuchangishana bati moja moja, kaya kwa kaya. Mkutano mkuu ulishalijadili na watu hawakulikataa.

Zawadi zetu ni chache. Tumekuandalia mbuzi beberu, lita tano za mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapahapa, na kikapu cha mapapai. Mapapai hayo yametoka kwenye mti ulioota wenyewe ndani ya chumba cha kujifungulia. Una miaka minne na huu ni msimu wake wa pili kuzaa. Ni matamu sana.

Mwisho, ratiba ya Mshereheshaji inaonyesha chakula cha mchana kiko ofisi ya kijiji. Kuna mabadiliko madogo. Chakula kimeandaliwa ndani ya boma, ni hatua kama mia mbili kutoka hapa. Turubai tumelifunga juu ya chumba cha dawa, ambapo wewe na wakuu wa idara mtakaa. Sisi wengine tutakaa wodini, upande wa jua.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Ujenzi kwa niaba ya wananchi.