Kalavati lipo, ila video inalionyesha mita 300 kutoka lilipo

Wateja wanaotuletea video za barabara walizorekodi wenyewe huuliza kwanza wanunue risiva gani ya GPS ya bei ghali (kifaa kinachopokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali kilipo) ili makalavati, mashimo na nguzo vikae mahali pake kwenye ramani. Tunawaambia wasubiri kwanza. Simu ya kawaida, anga likiwa wazi, hukosea mita tano hivi. Kosa la mita mia au mia tatu halikutoka kwenye setilaiti. Mara nyingi limetoka kwenye saa.

Piga hesabu. Gari la mwendo wa kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Ndani ya sekunde hiyo kamera inapiga fremu (picha) 30, ilhali risiva nyingi ndogo zinatoa nukta moja tu ya mahali. Hilo linatibika: programu inazigawia fremu nafasi zake kati ya nukta mbili. Kazi iko kwenye kujua ni sekunde ipi hasa. Saa ya kamera iliwekwa kwa mkono siku iliponunuliwa, na tangu hapo inapotea kidogo kidogo. Tena saa ya GPS haihesabu sekunde zinazoongezwa kwenye saa ya kimataifa, kwa hiyo tangu Januari 2017 iko mbele yake kwa sekunde 18. Kifaa kimoja kikisoma saa hii na kingine ile, kwa mwendo wa kilomita 60 kila picha inahama mita 300.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linapendeza machoni. Picha zote bado zimelala juu ya barabara, mstari umenyooka, na bosi ofisini anasaini. Fundi ndiye anayefika na sululu asione kalavati.

Kuligundua ni rahisi: rekodi barabara hiyo hiyo kwenda na kurudi. Kama tatizo ni saa, kalavati moja litatokea mara mbili, na ukweli uko katikati, mradi mwendo ulikuwa sawa. Kama vitu vyote vinahamia upande mmoja wa dira, uende au urudi, hapo shuku ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, wakati setilaiti inatumia mfumo wa WGS84, na tofauti yake kwenye gridi ya UTM (inayotaja mahali kwa mita, dunia ikigawanywa kwa kanda, kila kanda na namba zake) ni kama mita 300. (Ndiyo, namba ile ile. Tumeona watu wakisahihisha saa siku nzima kumbe shida ni ramani.) Anayerekodi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma ana jambo jingine: kabla ya kuingia Dodoma mjini anavuka longitudo ya nyuzi 36, na kanda ya UTM inabadilika kutoka 37 kuwa 36.

Baada ya hayo ndipo risiva ya gharama ina maana. Ikisaidiwa na kituo cha chini chenye nafasi inayojulikana, inashuka hadi sentimita chache, ila nafasi hiyo ni ya antena iliyo juu ya gari. Nguzo unayoiona kwenye video iko mita 15 mbele. Kwa hiyo tunapima umbali wa antena hadi kamera, na mwelekeo ambao kamera inatazama, kabla ya gari kuondoka.

Ukitaka tukusahihishie video uliyonayo, tunahitaji faili la kamera lenyewe na faili ghafi la risiva. Mwanzoni na mwishoni mwa safari elekeza kamera kwenye kioo cha risiva kinachoonyesha saa, kwa sekunde kumi hivi, gari likiwa limesimama. Na tafadhali usiitume kwa WhatsApp: ikibanwa, taarifa za muda zinapotea. Lete kwenye flashi.