Baiskeli nyuma ya trela: kwanza tazameni chuma kinachoshika risiva

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwafikie wenye trela za kulala wanaotaka kubeba baiskeli nyuma. Swali linaloulizwa kila mara ni risiva ya inchi ngapi inunuliwe, na inabeba kilo ngapi. Ni swali halali, ila ni la pili. La kwanza ni kwamba hiyo risiva, yaani bomba la mraba linalopokea mkono wa keria (fremu ya kubebea baiskeli), itafungwa kwenye chuma gani, na ulimi wa trela (mkono wa mbele unaoshikwa na gari) utabaki na uzito kiasi gani baiskeli zikishapanda.

Tuanze na bampa, maana ndiko wengi wanakokimbilia. Bampa ya trela nyingi za kulala ni bomba la mraba la inchi 4 ambalo ukuta wake ni kama milimita 2, mara nyingine pungufu. Kazi yake ni kuhifadhi mpira wa kumwagia maji machafu na kupokea mkwaruzo mdogo wakati wa kurudi nyuma. Limeshikwa kwenye chasisi kwa mishono mifupi ya kuchomelea, pande mbili tu. Sasa chukua baiskeli 2 za umeme za kilo 25 kila moja, ongeza keria ya kilo 22, unapata kilo 72. Kitovu cha mzigo huo kikikaa sentimita 60 nyuma ya bampa, bampa haibebi kilo 72 peke yake, bali pia inasokotwa, sawa na mtu wa kilo 43 aliyening'inia kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita 1. Hapo trela imesimama. Ikianza kuruka kwenye mashimo, msokoto huo unaweza kuzidi mara mbili au tatu, kisha ukageuka kuelekea juu, maelfu ya mara kwa safari moja. Chuma hakikatiki siku ya kwanza. Ufa huanzia kwenye kona ya mshono, kutu huingia, na siku moja bampa, keria na baiskeli vinabaki barabarani mbele ya gari la mtu mwingine. Ndiyo maana zile risiva zinazobana bampa kwa bolti za umbo la U, hata ziwe nene namna gani, hazitatui chochote: zimeshikilia vizuri kitu ambacho chenyewe hakijashikwa.

Mahali pake ni kwenye boriti kuu mbili za chasisi, zile zinazotoka kwenye ulimi hadi mkiani. Lala chini ya trela na tochi kabla ya kununua chochote. Pima umbali kati ya boriti hizo kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, pima kimo chake, na uhakikishe kwamba ni boriti ileile inayofika mwisho. Kwenye trela nyingine kipande cha mwisho kimeungwa kwa chuma chembamba kuliko cha mbele, na hapo lazima bamba lako la kufungia risiva lisogee mbele hadi kwenye chuma kizima. Angalia pia kilichopo njiani: tenki la maji machafu na koki yake, jeki za kusimamishia trela, tairi la akiba, nyaya za taa, bomba la gesi. Chasisi ikiwa ya alumini, usifikirie kuchomelea chuma juu yake. Hiyo ni kazi ya bolti na bamba za kutenganisha metali mbili zisilane.

Muundo unaofaa ni bomba moja la kuvuka, mathalani la milimita 60 kwa 60 lenye ukuta wa milimita 5, linalolala kati ya boriti mbili. Katikati yake huchomelewa risiva. Kila mwisho huwa na bamba la milimita 6 hadi 8 linaloegemea ukuta wa kati wa boriti. Kwa risiva yenyewe tafuta bomba lililotengenezwa kwa kazi hiyo, la nje inchi 2½ na la ndani inchi 2. Bomba la kawaida la mraba lina mshono uliochomoza ndani, na mkono wa keria utagoma kuingia hata vipimo vikiwa sawa. Tundu la pini ya risiva ya inchi 2 ni la inchi 5/8, karibu milimita 16. Ile ndogo ya inchi 1¼ hutumia pini ya inchi ½, na kwa trela ningeiacha kabisa.

Katika bamba za pembeni, idadi ya bolti haina uzito kama umbali kati yake. Tukichukua ule msokoto wa kilo-mita 43 tukauzidisha mara 3 kwa ajili ya mashimo, kila upande unapata kilo-mita 65 hivi. Bolti mbili zikiwa sentimita 10 mbali, kila moja inavutwa kwa kama kilo 650. Zikiwa sentimita 20 mbali, ni kilo 325. Kwa hiyo bamba refu la sentimita 25 au 30 lenye bolti 4 za M12 (unene wa milimita 12) daraja la 8.8 (kipimo cha uimara wa chuma chake) hufanya kazi nzuri kuliko bamba fupi lililojazwa bolti. Ukiweza kurefusha bomba la risiva kwenda mbele hadi chuma cha pili cha kuvuka cha chasisi, sentimita 60 au zaidi, ni vizuri mno: msokoto unageuka kuwa kusukuma na kuvuta, mambo ambayo chasisi inayamudu.

Toboa kwenye ukuta wa kati wa boriti, katikati ya kimo chake, si kwenye midomo, yaani kingo bapa za juu na chini za boriti. Mkia wa trela unaning'inia nyuma ya ekseli, hivyo mdomo wa juu unavutwa na wa chini unabanwa, na barabara ikirusha mambo yanageuka. Tundu au mshono uliokatisha mdomo ni mwaliko wa ufa. Anza na biti ya milimita 5, malizia na ya 13. Kitovu cha tundu kisikaribie ukingo wa bamba chini ya milimita 25. Ukuta wa boriti za trela ni mwembamba, kwa hiyo weka bamba la kuegemea upande wa pili. Washa, ile pete bapa ya chini ya nati, peke yake huzama na mkazo hupotea. Bolti ikipita ndani ya bomba lililo wazi, tia kipande cha bomba gumu ndani kama kizuizi, la sivyo utakuwa unalibonyeza bomba ukidhani unakaza nati. Tumia nati za kujifunga zenye pete ya nailoni na ukaze kwa spana ya kupimia, takribani nyutoni-mita 80 kwa M12 ya 8.8 isiyopakwa mafuta. Kingo zote ulizokata na matundu yote uliyotoboa zipakwe rangi ya zinki kabla ya kufunga. Baada ya kufunga brashi haifiki tena.

Kuna watakaosema kuchomelea ni haraka kuliko bolti. Ni kweli, na fundi hodari anaweza kuifanya kazi hiyo ikadumu, lakini chini ya trela ya kulala si karakana. Juu yako kuna mbao, sponji ya kuzuia baridi na shuka la plastiki, vyote vinavyoshika moto kimyakimya. Ikibidi, tenganisha trela na gari, toa nyaya za betri, funga gesi, kata na kuondoa shuka la plastiki eneo lote la kazi, na shika kibano cha ethi (cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine) karibu kabisa na mshono ili umeme usipite kwenye beringi za magurudumu. Chuma chenye mipako ya zinki kisagwe hadi king'ae, moshi wake ni sumu. Mtu wa pili akae na kizima moto, na asiondoke kwa nusu saa baada ya cheche ya mwisho.

Kabla hujakaza kwa mara ya mwisho, ingiza keria, weka baiskeli yenye usukani mpana kuliko zote kwenye nafasi ya ndani, upime. Usukani wa sentimita 78 unachomoza sentimita 39 kila upande wa mstari wa gurudumu, hivyo mstari huo ukae nusu mita au zaidi kutoka ukuta wa nyuma. Nafasi ikikosekana, sogeza risiva. Usinunue kiungo cha kurefusha: watengenezaji wengi hupunguza uwezo wa risiva kwa nusu mara kinapowekwa, na kwa hesabu ya hapo juu sababu inaonekana. Kwa upande wa kimo, kumbuka kwamba mkia mrefu hukwaruza barabara trela inapopanda mlango wenye mwinuko. Kama bampa yako ina alama za mkwaruzo tayari, keria itafika chini kabla yake.

Sasa ulimi, jambo ambalo karatasi ya maelekezo ya risiva mara nyingi haigusi. Trela ya kulala inatakiwa iwe na kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote kwenye ulimi. Chukua trela ya kilo 2,500 yenye kilo 300 ulimini, asilimia 12, hali nzuri. Ongeza nyuma kilo 90, yaani baiskeli, keria na chuma cha risiva, zikiwa mita 4 nyuma ya ekseli, huku mpira wa kuvutia (tufe la chuma kwenye gari linaloshika ulimi) ukiwa mita 5 mbele ya ekseli. Zidisha 90 kwa 4, gawa kwa 5: ulimi umepoteza kilo 72. Zimebaki 228 kwa trela ya kilo 2,590, chini ya asilimia 9. Nayo ekseli imeongezewa kilo 162, si 90. Trela iliyokuwa tulivu huanza kutikisa mkia ikipitwa na lori, na kila mtikisiko huvuta gari nalo. Uzito ulio mkiani ni mgumu kuutuliza, kwa sababu ukaidi wake huongezeka kwa mraba wa umbali kutoka ekseli. Ukihamishwa kutoka mita 2 hadi mita 4, haukui mara mbili bali mara nne. Vyuma vya kuzuia kuyumba husaidia, lakini havirudishi uzito ulimini.

Pima basi, usikisie. Mizani ya bafuni inatosha. Trela iwe sawa na ardhi, magurudumu yamewekewa vizuizi. Laza ubao mnene, mwisho mmoja juu ya tofali lenye kipande cha bomba, mwisho wa pili juu ya mizani yenye bomba jingine. Shusha ulimi juu ya ubao mahali palipo theluthi moja ya urefu kutoka tofali, yaani umbali wa 1 upande wa tofali na 2 upande wa mizani. Toa uzito wa ubao ulioonyeshwa mwanzo, zidisha kilichobaki kwa 3. Fanya hivyo kwanza bila baiskeli, kisha nazo, trela ikiwa na mizigo ile ile utakayosafiri nayo. Ulimi ukiwa mwepesi, hamishia mbele makopo ya chakula, zana na maji. Uzito wa ulimi usipofika asilimia 10 hata hivyo, baiskeli ziende kwenye gari linalovuta. Hakuna bolti itakayorekebisha hilo. Soma pia kibandiko cha trela kwa kikomo cha ekseli, na namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa matairi.

Keria nayo si yoyote. Nyingi zimeandikwa waziwazi kwamba hazifai nyuma ya trela, kwa kuwa mkia wa trela hurusha kuliko mkia wa gari. Chagua iliyoidhinishwa kwa trela, ya kusimamisha magurudumu kwenye trei, si ya kuning'iniza fremu. Toa betri za baiskeli za umeme, kila moja hupunguza kilo 3 au 4 hivi. Mkono wa keria ukicheza ndani ya risiva, ubane kwa kibano cha umbo la U, kwani mchezo wa milimita 2 kwenye pini huwa wa sentimita kadhaa kule kwenye usukani. Mkanda wa akiba au mnyororo ufungwe kutoka keria hadi boriti ya chasisi, kamwe si kwenye ngazi ya nyuma, ambayo imeshikwa kwa skrubu kwenye ukuta mwembamba. Usifunike baiskeli kwa turubai, litavuta upepo kama tanga. Taa na namba ya usajili zikizibwa, weka ubao wa taa nje ya baiskeli ya mwisho.

Baada ya kilomita 80 za kwanza simama, kaza tena kila bolti, kisha pitisha kidole kwenye mishono. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi mpya ni ufa unaoanza. Keria ishushwe hapo hapo.

Fundi wa chasisi za trela