Tuhesabu nyumba, si ajira pekee, viwanda vya magari vinapoyumba Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe mawazo yangu kuhusu habari za viwanda vya magari vya Ulaya ambazo mmekuwa mkizichapisha katika ukurasa wa biashara. Mimi ni mzaliwa wa Trollhättan, mji wa Uswidi ulio kando ya mto Göta, na kwa miaka mingi sasa naishi Moshi, nyumbani kwao mke wangu. Nimeyapenda magari tangu sijajua kusoma, na mji niliozaliwa ndio uliokuwa ukitengeneza magari ya Saab. Kwa hiyo ninaposoma kwamba Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi mwezi Desemba 2024 kupunguza ajira zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo mwaka 2030, au kwamba kiwanda cha Audi mjini Brussels kilifungwa Februari 2025 na watu wapatao 3,000 wakapoteza kazi, nasoma kama mtu anayepokea taarifa ya msiba wa jirani.

Sababu mnazozitaja ni za kweli, wala sizipingi. Mauzo ya magari mapya Ulaya hayajarudi pale yalipokuwa mwaka 2019. Kuhamisha mitambo kutoka injini za mafuta kwenda za umeme kunameza fedha nyingi kabla ya kurudisha chochote. Na soko la China, ambalo kwa miaka mingi liliwapa Wajerumani faida kubwa, sasa lina watengenezaji wake hodari ambao nao wanauza mpaka Ulaya. Ninachosikitikia ni kwamba habari huishia hapo. Ajira huhesabiwa mojamoja kama magunia ghalani, ilhali katika mji unaoishi kwa kiwanda kimoja ajira mbili au tatu hulala chini ya paa moja, na zote hupotea siku moja.

Niruhusu nieleze nyumba ninayoijua. Baba yangu alishona viti vya magari katika karakana ndogo, na mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi walipishana mlangoni na sisi watoto tulijifunza saa kwa kuangalia nani anavua viatu na nani anavaa. Tulikuwa na Saab 95, gari la familia ambalo nyuma kabisa lilikuwa na kiti cha tatu kilichotazama kinyume. Mimi na mdogo wangu tulisafiri utoto wetu wote tukiitazama barabara tuliyokwisha kuipita, tukiwapungia mikono madereva waliotufuata. Jumapili baba alifungua boneti, hata pasipo hitilafu yoyote, akatutajia kifaa kimoja baada ya kingine, nasi tukavirudia majina yake. Mambo mengi ambayo baba na wanawe huona haya kuambiana wakiwa wamekaa uso kwa uso, sisi tuliambiana tumeinamia injini.

Saab yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya kutengeneza ndege za kivita. Vita vilipokwisha, wahandisi wake walitafuta kazi nyingine, na mwaka 1947 wakaonyesha gari lao la kwanza, lenye umbo lililofanana na bawa la ndege. Gari la kuuzwa, Saab 92, lilianza kutengenezwa Desemba 1949 likiwa na injini ya silinda mbili iliyotumia petroli iliyochanganywa na oili. Wazee wa Afrika Mashariki wanaweza kuyakumbuka magari yaliyolifuata hilo, kwa maana yalifika huku: Pat Moss, dereva wa kike kutoka Uingereza, alishika nafasi ya tatu katika mbio za East African Safari za mwaka 1962 akiendesha Saab 96, na Erik Carlsson, dereva wa Saab kutoka Uswidi aliyemwoa Pat mwaka uliofuata, akashika nafasi ya pili mwaka 1964. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alizifuatilia mbio hizo redioni, na siku nilipokwenda kujitambulisha kwake, jina la Carlsson ndilo lililotufungulia mazungumzo. Kabla ya hapo alikuwa amenitazama kimya kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana.

Kampuni hii haikuanguka kwa siku moja. General Motors ya Marekani ilinunua nusu ya sehemu ya Saab iliyotengeneza magari mwishoni mwa mwaka 1989, kisha ikaichukua yote mwaka 2000. Sisemi kwamba Wamarekani hawakuleta kitu, kwa kuwa bila fedha zao huenda Saab ingekufa mapema zaidi. Lakini naamini walikosea pale walipotaka kuokoa gharama kwa kuyafuta mambo ambayo watu waliinunulia Saab. Saab 900 mpya ya miaka ya tisini ilijengwa juu ya msingi wa Opel Vectra, gari la Kijerumani la General Motors hiyohiyo. Miaka kumi baadaye Saab 9-2X, iliyouzwa Amerika Kaskazini pekee, ilikuwa Subaru Impreza iliyobadilishwa sura. Mteja aliyetaka gari lililofikiriwa upya, lenye swichi ya ufunguo katikati ya viti vya mbele na turbo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, iliyozoeshwa matumizi ya kila siku, alionyeshwa gari ambalo angeweza kulipata kwingine kwa bei nafuu. Mwaka 2006 Saab iliuza zaidi ya magari 130,000. Mwaka 2010, baada ya General Motors yenyewe kufilisika na kuiuza Saab kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi ya magari ya kifahari, hayakufika hata 35,000.

Januari 2010, wakati General Motors ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba itaifunga Saab, wenye magari hayo walifanya misafara katika miji mingi duniani ili kuomba isifungwe. Nilifurahi mno kuiona picha ya msafara wa mjini kwetu, magari yaliyotengenezwa katika kipindi cha miaka sitini yakifuatana kwenye theluji. Leo, Ndugu Mhariri, nakiri kwamba sisi wapenzi wa magari tuliililia nembo kuliko tulivyowalilia watu. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nilifumbuliwa macho mwaka uliofuata. Kuanzia Aprili 2011 wasambazaji wa vipuri, ambao walikuwa hawajalipwa, waliacha kupeleka mizigo na mitambo ikasimama. Kuanzia Juni mishahara ikawa inachelewa. Kila baada ya wiki chache palitangazwa mwekezaji mpya, kisha mpango huo ukavunjika, mpaka wa mwisho, wa kutoka China, uliposhindikana kwa sababu General Motors haikukubali teknolojia yake ihamie kwa wamiliki hao. Tarehe 19 Desemba 2011, siku tano kabla ya mkesha wa Krismasi, Saab iliomba mahakama iitangaze kuwa imefilisika. Walioajiriwa nayo walikuwa zaidi ya 3,000, katika mji wenye watu wapatao 55,000.

Mdogo wangu hakuwa mwajiriwa wa Saab. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha vipuri ambacho sitakitaja, na mkewe alipika katika kantini ya hapohapo. Tulizungumza kwa simu kila Jumapili, na katika miezi ile nilimsikia akibadilika. Shemeji alinieleza kwamba mumewe aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, akanawa, akavaa viatu vya kazi, kisha akakaa jikoni mpaka kunapambazuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia ama arudi kazini ama atafute kazi nyingine. Nafasi ilipatikana Göteborg, mji mkubwa wa jirani wenye viwanda vya magari, akasita kuichukua, maana wiki hiyohiyo magazeti yaliandika kwamba mwekezaji amepatikana. Binti yao wa miaka tisa aliacha kuomba chochote dukani. Kiwanda kilipofunga kabisa, shemeji alisema jambo ambalo sijalisahau: kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, mumewe alilala usingizi.

Kwa sababu hiyo sioni makubaliano ya Volkswagen kuwa habari mbaya tupu, kama baadhi ya waandishi walivyoyapokea. Watu wameambiwa mapema, muda umewekwa mpaka 2030, na kampuni imekubali kutofukuza kwa nguvu. Familia iliyopewa tarehe ya kweli inaweza kuamua kama itauza nyumba, kama mtoto atamaliza shule palepale, kama mama ndiye atakayerudi masomoni kwanza. Lakini tarehe yenyewe lazima iheshimiwe. Wafanyakazi wa Opel wa Bochum, Ujerumani, waliambiwa mwishoni mwa mwaka 2012 kwamba magari yangetengenezwa pale mpaka 2016, na kiwanda kikafungwa Desemba 2014. Aliyekuwa amekwisha kupanga maisha yake kwa kufuata tarehe ya kwanza alidhulumiwa miaka miwili ambayo haionekani katika hesabu ya mwanahisa yeyote.

Sidai kwamba serikali inunue kila kiwanda kinachoyumba. Ya Uswidi ilikataa kuwa mmiliki wa Saab, na sababu zake nazielewa, ingawa mwaka ule zilinichoma. Ajabu ni kwamba kampuni ya vipuri vya Saab iliyokuwa Nyköping, mji mwingine wa Uswidi, haikufa pamoja na kiwanda, na kwa sababu ya madeni ikaangukia mikononi mwa serikali ileile, ikaendelea kuwauzia wenye magari mahitaji yao. Hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba magari mengi ya Saab bado yanatembea, na kwamba kuna mafundi wanaoendelea kula kwa kuyatengeneza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Habari nyingine ya aina hii ikiwafikia kutoka Wolfsburg yaliko makao ya Volkswagen, Göteborg au kwingineko, waulizeni wahusika mambo matatu zaidi ya idadi ya ajira: wafanyakazi wamepewa tarehe gani, tarehe hiyo imebadilishwa mara ngapi, na ni nyumba ngapi ambazo baba na mama wote wanategemea kiwanda hichohicho. Gazeti lenu linasomwa pia na Waswahili wanaoishi na kufanya kazi Ujerumani na Uswidi, na jamaa zao walioko huku wanastahili kujua ni nini hasa kinachoendelea jikoni kwa watoto wao.

Mdogo wangu sasa anafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi. Saab 95 ya baba iko kwake, na kila Juni mabinti zangu wanapokwenda kumtembelea hugombania kile kiti cha nyuma, ingawa wote wawili wamekwisha kukipita kwa urefu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzaliwa wa Trollhättan,
Moshi